Ndugu anayeishi kwako tangu miaka: sheria inampa haki gani?

Katika muji wa Goma, Bukavu, Uvira, Bunia ao Kalemie, si ajabu kukuta parseli moja yenye baba, mama, watoto, na pembeni yao mdogo wa baba, shangazi mjane ao mpwa aliyekuja kusoma. Wengine walikimbia vita kijijini. Wengine walipoteza nyumba wakati volkano ya Nyiragongo ilipolipuka mwaka wa 2002 na tena mwaka wa 2021. Mwenye nyumba alifungua mlango kwa upendo, bila kuandika hata karatasi moja.

Miaka inapita. Siku mwenye nyumba anataka kuuza, ao anapokufa na watoto wanataka kugawana, hapo njo maneno huanza. Mmoja anasema: "Hapa niko na miaka 20, ni kwangu pia." Mwingine anajibu: "Baba mdogo, wewe ulikuwa mgeni, toka leo!" Mbele ya sheria ya Kongo, wote wawili wanaweza kuwa wamekosea.

Kukaa muda mrefu si kuwa mwenye parseli

Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema kwamba udongo ni mali ya serkali, na kwamba mtu hawezi kuupata kwa sababu tu amekaa juu yake muda mrefu. Serkali ndiyo inatoa haki ya kuutumia, na haki hiyo inahakikishwa na sertifika ya kuandikisha inayotolewa na konservateri wa hati za ardhi. Fishi ya parseli ao karatasi ya kununua iliyotiwa saini mbele ya shefu wa kartie inasaidia kueleza namna parseli ilivyopatikana, lakini haina nguvu ya sertifika.

Kwa hiyo ndugu aliyepokelewa bure, awe na miaka 5 ao 25, hageuki mwenye nyumba. Mbele ya sheria ni kama mtu aliyeazimwa kitu: anakitumia, kiisha anakirudisha.

Lakini wenye nyumba wawe macho. Ikiwa ndugu amefaulu kutengeneza sertifika kwa jina lake na miaka miwili ikapita bila mtu kwenda kushtaki, haki yake haiwezi tena kuvunjwa. Aliyenyanganywa anabaki tu na njia ya kudai fidia. Familia nyingi zinashtuka wakati muda huo umekwisha kupita.

Si kila ndugu ni mgeni

Mbele ya kumwambia ndugu atoke, sharti kujiuliza kwanza: hii parseli ni ya nani kweli? Kama ilikuwa ya babu ao ya baba aliyekufa na warithi hawajagawana, hakuna mmoja anayeweza kusema ni yake peke yake. Yule anayekaa ndani, kama ni mrithi, yuko kwake sawa na wengine. Kuuza parseli hiyo bila warithi wengine kukubali ni kujitafutia kesi.

Kitabu cha sheria ya jamaa, kilichotoka tarehe 1 Agosti 1987 na kurekebishwa tarehe 15 Julai 2016, kinapanga warithi kwa makundi. La kwanza ni watoto: waliozaliwa katika ndoa, waliozaliwa inje ya ndoa lakini baba aliwatambua kisheria akiwa hai, na waliopangwa kuwa watoto mbele ya tribinali. Wanapata robo tatu za mali, bila kutofautisha msichana na mvulana. Kundi la pili ni mjane ao mgane, wazazi wa marehemu, na kaka na dada zake. Wajomba na mashangazi wanakuja nyuma yao.

Mjane ana ulinzi wa pekee: sheria inamwachia haki ya kukaa katika nyumba aliyoishi na bwana yake na kutumia vyombo vyake. Mashemeki wanaokuja kufunga milango siku chache baada ya mazishi wanavunja sheria, hata kama wanasema ni desturi.

Mpwa uliyemlea tangu utoto, naye, hakurithi kwa sababu tu ulimlea. Ukitaka apate kitu, andika wosia kwa mkono wako, utie tarehe na saini, ao uende kuuandikisha mbele ya mkubwa wa serkali. Lakini wosia hauwezi kuwanyanganya watoto fungu lao.

Wazazi na watoto wadogo

Katiba, katika kifungu cha 40, inasema wazazi wana wajibu wa kutunza watoto, na watoto wana wajibu wa kusaidia wazazi wao. Mama mzee asiye na nguvu wala mapato anaweza kuwaomba watoto wake msaada mbele ya tribinali, na hakimu ataangalia mahitaji yake na uwezo wa kila mtoto. Hiyo haimpi nyumba yako, lakini huwezi kumtoa na kunawa mikono.

Kwa mtoto, sheria ni kali zaidi. Kifungu cha 41 cha Katiba kinakataza kumtupa mtoto, kumtesa na kumshitaki uchawi. Yatima aliyepokelewa na shangazi hawezi kufukuzwa barabarani kwa sababu mtu amesema "analeta bahati mbaya" nyumbani.

Aliyejenga, na anayelipa

Mara nyingi ndugu anajenga vyumba viwili vya mbao nyuma ya nyumba kubwa. Kujenga hakumpi udongo. Lakini kama alijenga kwa mali yake, na mwenye parseli aliona na kukubali, anaweza kudai fidia ya vifaa na kazi. Afiche wapi risiti za mabati na simenti? Azitunze vizuri, maana bila hizo ni maneno matupu.

Kama kila mwezi anatoa franga za nyumba, hata kidogo, anaweza kuhesabiwa kuwa mpangaji, ao lokateri kama tunavyosema. Basi anaangukia chini ya sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya kupangisha nyumba: kwa nyumba ya kukaa, garanti haipite miezi mitatu, na kumtoa kunaomba kumjulisha miezi mitatu mbele.

Namna ya kumtoa bila kuvunja sheria

Hata mgeni asiye na haki juu ya parseli hatolewi kwa nguvu. Kutoa mlango, kubomoa mabati, kutupa matandiko inje ao kumpiga, hayo yanaweza kumfikisha mwenye nyumba mwenyewe mbele ya muendesha mashtaka.

Njia nzuri inaanza na baraza ya familia, mbele ya wakubwa wa pande zote. Wakikubaliana, waandike tarehe ya kutoka na watie saini. Shefu wa avenyu anaweza kupatanisha. Hana nguvu ya kuamua nani ni mwenye parseli. Polisi pia si hakimu wa mambo hayo.

Ikishindikana, maneno ya jamaa, ya urithi na ya ardhi ya kimila yanaanzia kwenye tribinali ya amani. Mabishano juu ya parseli yenye sertifika yanapelekwa kwenye tribinali kubwa. Hakimu akiisha kuamua, ni afisa wa tribinali ndiye anatekeleza hukumu. Mahali ambapo tribinali hazifanyi kazi shauri ya vita, kila upande utunze karatasi zake na majina ya mashahidi, maana siku ya kesi itafika.

Karatasi ya ukurasa mmoja

Mengi ya mabishano haya yangezuiliwa siku ya kwanza, kwa mistari michache: nani anapokelewa, katika nyumba ya nani, kwa muda gani, anatoa nini ao hatoi kitu, na kama ataruhusiwa kujenga. Saini mbili, mashahidi wawili, kila mmoja na kopi yake.

Wengi wanaogopa kwamba kumwandikisha ndugu ni kumdharau. Lakini karatasi hiyo inamlinda yeye pia: siku yaya yake aliyempokea atakapokufa, watoto wa yaya hawataweza kusema kwamba aliingia kama mwizi.