Ugumba si wa mwanamke peke yake: historia ya Kongo inatufundisha



Bibi akikaa miaka miwili au mitatu katika ndoa bila mimba, maneno huanza. Mama mkwe anauliza, majirani wananong'ona kwenye bomba la maji, na mwishowe anaambiwa arudi kwao. Lakini kwao ni wapi? Katika vita vya 2012, na tena kuanzia 2022, familia nyingi za Rutshuru na Nyiragongo zilifika hapa Kanyaruchinya zikiwa zimeacha nyumba na mashamba. Kumfukuza mama wakati kama huu ni kumtupa barabarani. Basi tuulize historia: kosa ni lake kweli?

Kati ya 1955 na 1957, serikali ya Kongo ya Wabelgiji ilifanya uchunguzi mkubwa wa idadi ya watu. Mtaalamu Anatole Romaniuk, aliyeushughulikia, alikuta tofauti ya kushangaza. Huku Kivu familia zilikuwa na watoto wengi. Lakini upande wa Uele na Équateur, wanawake wengi walikuwa wamemaliza umri wa kuzaa bila kupata hata mtoto mmoja.

Kulikuwa na waliosema ni uchawi. Maofisa wa kikoloni nao waliwashuku wanawake kwamba wanatoa mimba. Kumbe sababu kubwa ilikuwa magonjwa ya zinaa, hasa kisonono. Penisilini, dawa iliyogunduliwa 1928 na kuanza kutumika kwa wingi miaka ya 1940, ilisaidia sana. Miaka iliyofuata, watu wasiopata mtoto kabisa walipungua na uzazi ukapanda. Laana haitibiwi kwa sindano. Ugonjwa ndio hutibiwa.

Sasa wababa, tusikilize vizuri. Kisonono hakichagui. Kwa mwanamke, huziba mirija ya uzazi. Kwa mwanamume, vijidudu vinaweza kupanda hadi kwenye mrija mwembamba uliojikunja nyuma ya korodani, mahali mbegu zinapokomalia, vikaacha uvimbe na kovu. Korodani inaendelea kutengeneza mbegu, ila njia imefungwa. Shahawa zinatoka kama kawaida, lakini hazina mbegu ndani yake. Kwa macho huwezi kujua. Mbegu zilionekana mara ya kwanza 1677, pale Mholanzi Antoni van Leeuwenhoek alipotazama shahawa kwa hadubini, na mpaka leo hadubini ndiyo inayotoa jibu.

Hapo ndipo wengi tunapokosea. Mtu anasema, "Mimi nguvu ninazo, tatizo ni bibi." Nguvu za kiume ni jambo moja, mbegu ni jambo lingine. Mwanamume anaweza kuwa na nguvu zote na bado akawa mgumba.

Kuna sababu nyingine pia. Matubwitubwi, ule ugonjwa wa kuvimba chini ya masikio, ukimpata kijana aliyekwisha kubalehe unaweza kushuka na kuharibu korodani. Mishipa ya damu iliyovimba juu ya korodani hupandisha joto, na mbegu hutaka ubaridi kidogo kuliko mwili. Wengine walizaliwa na korodani ambayo haikushuka, au wana upungufu wa homoni. Pombe nyingi na tumbaku huongeza madhara. Hata homa kali hupunguza mbegu kwa muda. Kutengenezwa kwake huchukua siku 70 hivi, kwa hiyo kipimo kibaya cha leo kinapaswa kurudiwa baada ya miezi mitatu.

Vita vinazidisha shida hii. Mtu anaanza dawa, risasi zinalia, anakimbia, dozi inabaki nusu. Ugonjwa uliotibiwa nusu unaendelea kuharibu kimyakimya. Ukiona usaha au ukikojoa kwa maumivu, nenda kituo cha afya mapema, na mwenzako atibiwe pamoja nawe. La sivyo mtarudishiana.

Shirika la Afya Duniani linasema wenzi wakijaribu miezi 12 bila mimba, wote wawili wapimwe. Kipimo cha mwanamume ni chepesi kuliko vingi anavyofanyiwa mwanamke. Basi baba, kabla hujamwambia bibi afunge mizigo yake, tangulia wewe kupima.