Neno Moja, Kuruhusu na Kuzuia

Somo letu la leo ni Kutoka sura ya 5, mstari wa 1 hadi wa 4.

Ukipita katika mitaa ya Nairobi utaona vibao langoni vimeandikwa kwa Kiingereza "To Let". Kila mtu ajua maana yake: nyumba inapangishwa, karibu uingie. Neno hilo "let" lina herufi tatu tu, na maana tuliyoizoea ni kuacha, kuruhusu, kutoa nafasi. Lakini ukifungua Biblia ya Kiingereza iliyotolewa mwaka 1611, wakati wa Mfalme James, utalikuta likisema kinyume kabisa.

Katika mstari wa 1, Musa na Haruni wanamwambia Farao, kwa amri ya Bwana, awape watu ruhusa waende. Wafasiri waliandika "let". Katika mstari wa 4, Farao anawauliza Musa na Haruni mbona wanawazuia watu wasifanye kazi zao. Hapo pia wafasiri waliandika "let"! Sura ni ile ile, neno ni lile lile, na maana imegeuka. Vivyo hivyo katika Warumi 1:13, Paulo anaposema alikusudia mara nyingi kwenda Rumi akazuiliwa.

Je, wafasiri walikosea? La, hasha. Zamani hayo yalikuwa maneno mawili. Katika Kiingereza cha kale, kilichosemwa kabla ya mwaka 1066, moja lilikuwa "lætan", yaani kuachilia. La pili lilikuwa "lettan", yaani kuzuia, nalo ni la jamaa moja na neno "late", lenye maana ya kuchelewa. Kumzuia mtu kulikuwa ni kumchelewesha. Karne zilipopita, miisho ya maneno hayo ilipotea katika matamshi, yakabaki na sura moja. Watu wa mwaka 1611 waliyatambua kwa maneno yaliyo jirani, kama sisi tusivyochanganya kaa la moto na kaa wa baharini.

Baadaye lile la kuzuia lilififia. Wasahihishaji waliotoa Agano Jipya mwaka 1881 na Agano la Kale mwaka 1885 waliliondoa katika mistari hiyo tuliyoitaja. Limesalia katika mchezo wa tenisi, mpira wa kuanzia unapogusa wavu na kurudiwa. Limesalia pia katika pasipoti ya Uingereza, inayoomba mwenyewe aachwe apite bila kizuizi. Nasi Waanglikana tunalo katika Kitabu cha Sala cha Kiingereza cha mwaka 1662, katika sala ya Jumapili ya nne ya Majilio. Sala hiyo yaungama kwamba dhambi zetu zatuzuia kupiga mbio tulizowekewa. Asiyejua maana ya kale aweza kudhani kwamba dhambi zatupa ruhusa ya kukimbia!

Ndugu msikilizaji, lugha imetufunza jambo zito. Kuchelewesha ni kuzuia. Mkumbuke liwali Feliki, katika Matendo ya Mitume 24. Hakumkataza Paulo kunena. Alimwambia aende zake kwa sasa, atamwita apatapo nafasi. Miaka 2 ikatimia, na Feliki akaondoka akimwacha Paulo kifungoni.

Nami sina haki ya kumcheka Feliki. Mzee mmoja wa parishi yangu alinijia akitaka nimsindikize kwa ndugu yake, ambaye walikuwa wamekosana kwa habari ya shamba. Sikumkatalia. Nilimwambia, "Mzee wangu, tutakwenda wiki ijayo." Wiki ikazaa wiki. Ndipo ikaja habari ya msiba: yule ndugu amefariki. Siku ya mazishi mzee hakunilaumu. Alinishika mkono akasema, "Mchungaji, tumechelewa."

Mimi nilidhani nimemfungulia mzee mlango, kumbe nilikuwa nimesimama mlangoni. Je, wewe mzazi, yuko mtoto anayengoja neno lako la msamaha? Wewe mzee wa kanisa, wako vijana unaowaambia kila mwaka, "Tutaona"? Wewe ambaye Bwana amekuita, wamjibu nini? Farao naye aliulizwa lini vyura waondolewe, akajibu, "Kesho."

Na tuombe. Ee Bwana, utusamehe wale tuliowazuia kwa kuchelewa kwetu. Utupe neema ya kufanya leo lililo jema, wala tusiwe kizuizi kwa yeyote ajaye kwako. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.