Desa Lina Historia: Kiingereza katika Vyuo vya Iringa na Mbeya

Wenzangu wanaofundisha Kiingereza katika vyuo vikuu vya Iringa na Mbeya hulalamika kwamba mwanafunzi wa leo hajui kujifunza lugha. Hushika desa, hulikariri, hulimwaga katika mtihani, kisha husahau. Mbinu hiyo ina historia, na aliyeiandika si mwanafunzi.

Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali; sekondari ikabaki na Kiingereza. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, mwenyeji wa Njombe (wakati huo ndani ya Mkoa wa Iringa), ilipendekeza Kiswahili kitumike sekondari kuanzia 1985. Serikali ikakataa. Badala yake ukaja, kwa fedha za Uingereza, mradi wa kuimarisha Kiingereza pamoja na vitabu vyepesi vya kusoma. Mradi ukaisha, pengo likabaki.

Mtazame basi kijana wa Kilolo au Rungwe. Nyumbani ni Kihehe au Kinyakyusa, shule ya msingi ni Kiswahili, kisha kidato cha kwanza anafundishwa baiolojia kwa lugha ambayo hawezi kuombea maji ya kunywa. Afanyeje? Anakariri. Huo si uvivu, ni namna ya kunusurika, na kwa miaka sita imempatia vyeti. Kwa nini aitupe getini mwa chuo?

Rebecca Oxford, mtaalamu wa Kimarekani, alizigawa mbinu hizi mwaka 1990 katika makundi sita, likiwamo la kujifunza kwa kushirikiana na watu. Katika hilo vijana wetu hawana upungufu. Nimewasikiliza katika vikundi vyao: hoja hujengwa kwa Kiswahili, kwa ukali na kwa mzaha, kisha mmoja huigeuza kuwa Kiingereza. Sisi watahini huisahihisha tafsiri, hoja yenyewe hatukuisikia. (Na anayethubutu kusema Kiingereza kantini huambiwa anajidai.)

Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, kilichoanzishwa mwaka 2005 mahali palipokuwa Shule ya Sekondari Mkwawa, huandaa walimu. Mhitimu aliyevuka kwa kukariri atasimama mbele ya kidato cha kwanza na kuwakaririsha wengine. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ilikipa Kiswahili nafasi katika ngazi zote. Mitihani ya masomo mengi ya sekondari ingali inatungwa kwa Kiingereza.