Rupia Mizanini

Neno fedha katika Kiswahili lina maskani mawili. Ni madini meupe anayoyafua sonara, na ni mali inayotiwa mkobani kwenda sokoni. Neno mizani nalo ni vivyo hivyo: ni chombo cha mfanyabiashara, na ni hesabu ya silabi za mshairi. Si ajabu, kwani kwa muda mrefu watu wa pwani waliipima sarafu kabla ya kuihesabu. Sarafu isiyotimia uzito ilikuwa kama mshororo uliopungua mizani: jicho laweza kudanganyika, lakini anayejua hutambua upungufu.

Hukumu hiyo leo yahitajiwa mbali na bahari. Lagangabilili, makao makuu ya Wilaya ya Itilima, iliyomegwa kutoka Bariadi mkoa wa Simiyu ulipoundwa mwaka 2012, ni mji wa nchi ya pamba na ng'ombe. Huko, kama kwingineko Usukumani, rupia ya Mjerumani yaweza kutokea katika sanduku la bibi au ikaibuliwa na jembe. Ikishatokea, maneno hutangulia mizani. Mmoja atasema ina thamani ya gari, mwengine atasema ni chuma kikuukuu. Aliyeirithi hubaki kati ya tamaa na hasara, na kila mmoja katika hao wawili aweza kumponza.

Kabla ya rupia kulikuwa na riale. Riale iliyoenea Unguja na mwambao katika karne ya 19 ilikuwa ile ya Maria Theresa, malkia wa Austria aliyefariki mwaka 1780. Sarafu yake iliendelea kufuliwa baada ya kifo chake kwa mwaka ule ule wa 1780, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Sham na Bahari ya Hindi hawakuitaka yenye mwaka mwengine. Ilifuliwa Vienna, na katika karne ya 20 ikafuliwa pia Rome, London, Paris na Bombay. Uzito wake ni gramu 28.07, na katika kila sehemu 1,000 fedha halisi ni 833. Wanunuzi waangalifu waliitazama hata bruchi ya malkia begani, wakahesabu lulu zake. Sayyid Barghash naye alitoa riale yake mwenyewe ya mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882, lakini haikuweza kuing'oa ya malkia. Hapa pana funzo la kwanza: mwaka ulioandikwa juu ya sarafu si lazima uwe mwaka wa kufuliwa kwake.

Rupia ilikuja na biashara ya Bara Hindi, na Wajerumani walipoingia walifuata kipimo kile kile. Kuanzia mwaka 1890 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilitoa rupia yake: upande mmoja Kaisari Wilhelm wa Pili katika kofia ya chuma yenye tai, upande wa pili simba na mnazi. Rupia moja ilikuwa pesa 64. Mwaka 1904 serikali ya koloni ilichukua kazi hiyo, ikaweka hela 100 katika rupia, na simba akaondoka. Sarafu hizo hazikufika bara kwa biashara peke yake. Kodi ya vibanda, iliyotangazwa mwaka 1897, ilidai rupia 3 kwa kibanda cha shamba, nazo ni sawa na pesa 192. Mkulima ambaye mali yake ilikuwa mtama na mifugo alilazimika kuitafuta fedha ya Kaisari ili amrudishie Kaisari. Kwa hiyo rupia iliyosalia nyumbani ni ile iliyoponyoka mkono wa mtoza kodi.

Basi ihukumiwe vipi? Kwanza ni uhalali wake. Rupia kamili ina gramu 11.66, na fedha ni sehemu 917 kwa 1,000, hivyo fedha safi iliyomo haipungui sana gramu 10.7. Sumaku haiivuti. Uzito wake ukigawanywa kwa ujazo wa maji inayoyasukuma, jibu huzidi 10 kidogo. Shaba haifiki 9, na risasi hupita 11. Zile za kuanzia 1904 zina herufi ndogo ya kiwanda, A kwa Berlin au J kwa Hamburg. Herufi T ni ya Tabora, ambako katika vita, mwaka 1916, zilifuliwa sarafu za dhahabu za rupia 15 na hela za madini duni. Rupia ya fedha yenye T ni ya kutiliwa shaka papo hapo.

Pili ni hali yake. Hutazamwa palipoinuka, kwani ndipo panapolika mwanzo: manyoya ya tai, masharubu ya Kaisari, ukingo wa kofia. Palipo na mistari iliyo wazi, daraja hupanda. Palipobaki kivuli cha uso, hushuka. Tundu la kuvalia shingoni huishusha zaidi, ijapokuwa tundu hilo huwa lina historia ya mwanamke aliyeipamba. Kosa kubwa ni kuisugua. Anayeipaka majivu na ndimu ili ing'are huiondoa ngozi yake ya miaka 100, na mnunuzi mjuzi huliona jambo hilo mara moja. Weusi wa fedha si uchafu.

Tatu ni uhaba. Rupia moja zilifuliwa kwa wingi, na iliyochakaa haiendi mbali sana na bei ya fedha iliyomo. Ya rupia 2, ya miaka ya 1893 na 1894, ni adimu, na ndiyo itafutwayo. Zile habari za rupia yenye nguvu za siri, inayonunuliwa kwa mamilioni na tajiri asiyeonekana, hazina mizani wala vina. Ziwafaao ni madalali wanaodai malipo ya kuipima, na sarafu yenyewe haiongezeki hata chembe.

Waingereza waliileta shilingi mwaka 1921. Ndani yake fedha ilikuwa robo tu ya uzito, na aliyeificha rupia badala ya kuibadilisha hakuwa mjinga. Lakini lugha ina hukumu yake. Rupia nyeupe iliyofichwa imekuwa jina la vitu vya kale. Hela, kijisarafu cha shaba, ndiyo iliyobaki vinywani kuwa jina la fedha zote, Lagangabilili na Unguja sawia. Iliyotunzwa sandukuni imehifadhi uzito wake, na iliyopita mikononi mwa maskini imehifadhi jina.