Nyoka Wako Ametaga? Soma Hii Kabla Hujamtupia Panya Mkubwa

Mama nyoka akimaliza kutaga huwa amechoka mbaya. Uti wa mgongo umejitokeza, ngozi imelegea, na ukimshika unahisi kama amebaki nusu. Wafugaji wengi wakiona hivyo huingiwa na huruma, wanachagua panya mkubwa kuliko wote na kumpa. Siku chache baadaye panya anatapikwa, ananuka, na mama amebaki mnyonge kuliko mwanzo. Maze, hiyo huruma inaweza kumuua.

Tumchukue chatu anayeitwa ball python, kwa sababu akiogopa hujikunja kama mpira. Kwao ni Afrika Magharibi na Kati mpaka Uganda, na ni kati ya nyoka wanaofugwa sana Marekani na Ulaya. Kwa kawaida hutaga mayai kati ya 3 na 11. Ukimwachia, atayazungushia mwili wake kwa karibu miezi miwili, bila kudishi. Ongeza wiki alizokataa msosi kabla ya kutaga na utaona njaa si ya jana.

Kwa nini tumbo linagoma

Chatu akikaa njaa, mwili wake huzima mashine ili kuokoa nguvu. Utumbo hupungua na tumbo huacha kutengeneza asidi. Akimeza, kila kitu kinawashwa upya. Wanasayansi Stephen Secor na Jared Diamond walieleza hii story mwaka 1998 wakitumia chatu wa Burma: utumbo mdogo unaweza kuongezeka uzito maradufu siku chache tu baada ya mlo.

Kuwasha hiyo mashine kunahitaji nguvu, maji na joto. Nguvu na maji yameenda kwa mayai. Joto linategemea wewe. Ukileta mzigo mkubwa kabla mashine haijashika, nyama inaozea tumboni na nyoka hana budi kuitoa.

Anza hivi

1. Maji kwanza. Weka bakuli safi la maji siku ile ile. Mate yakiwa mazito na ngozi ikibaki na mikunjo, ujue ana kiu.

2. Cheki joto. Upande wa moto wa tanki uwe kama nyuzi 31 hadi 33, na wa baridi 25 hadi 27. Tumia kipimajoto, si kiganja chako.

3. Ondoa harufu ya mayai. Kama umeyahamisha, badilisha matandiko na umwoshe mama kwa maji ya uvuguvugu. Akiendelea kunusa mayai, anaweza kukataa kula akidhani bado yuko kazini.

4. Mlo wa kwanza uwe mdogo. Mpe panya wa nusu ya saizi aliyozoea, aliyekufa tayari na kuyeyushwa barafu vizuri. Panya hai anaweza kumng'ata, na mama hana nguvu za kupigana.

5. Mwache. Usimshikeshike kwa saa 48 baada ya kula. Akikaa nao fiti, rudia mlo mdogo baada ya siku 7 hadi 10, kisha uongeze pole pole. Mpime kwa mizani kila wiki ili usikisie.

Kama wako ni corn snake, yeye hakai na mayai, kwa hivyo siku ya msosi hufika mapema. Sheria ya mlo mdogo ni ile ile.

Akitapika je?

Usimpe kingine kesho yake, hata akionekana ana njaa. Kutapika hutoa maji na asidi na kuumiza koo. Mpumzishe siku 10 hadi 14 akiwa na maji na joto sawa, halafu anza na mnyama mdogo zaidi. Akitapika mara ya pili, hiyo si kazi yako tena, ni ya daktari wa wanyama. Atapima kinyesi kuona kama kuna minyoo au wadudu wengine.

Angalia pia choo. Kile kitu cheupe kama chokaa kinachotoka na kinyesi ni mkojo wake, usishtuke. Kikiwa kigumu na cha manjano, maji hayatoshi.

Dalili za kukimbia kwa daktari

Ukihisi uvimbe mgumu nyuma ya tumbo, huenda yai limekwama. Usilikamue, unaweza kumpasua ndani. Damu, nyama inayotokeza mkiani, au kupumua mdomo wazi pia havingoji. Na usimlishe kwa nguvu bila ushauri.

Kwa wasee wa Kenya: nyoka ni mnyamapori, na kumfuga kunahitaji kibali cha KWS. Panga hilo kabla ya kufikiria mayai.

Mengine ni subira. Mama alikaa njaa kwa miezi, wiki moja ya mlo mdogo haitamshinda.