Utunzaji wa macho ya mbwa

Utunzaji wa macho ya mbwa ni kazi ya kuondoa tongotongo, vumbi na manyoya yanayokwaruza jicho, pamoja na kulikagua ili ugonjwa ugundulike mapema. Uzito uko kwenye ukaguzi. Jicho zima hujisafisha lenyewe, na mbwa wa kienyeji mwenye pua ndefu anaweza kuzeeka bila mtu kumgusa kope na asidhurike. Wanaohitaji kusafishwa mara kwa mara ni wale wa uso bapa, kama Pug, Pekingese na Shih Tzu, kwa kuwa macho yao yametokeza na njia zao za machozi zimepinda.

Mbali na kope ya juu na ya chini, mbwa ana kope ya tatu iliyojificha kwenye pembe ya jicho upande wa pua. Chini yake kuna tezi inayotoa theluthi moja au zaidi ya machozi yote. Tezi hiyo ikichomoka huonekana kama kinyama chekundu cha mviringo. Zamani ilikuwa ikikatwa. Siku hizi madaktari wa mifugo huirudisha na kuishona mahali pake, maana mbwa aliyekatwa tezi huweza kuishia na jicho kavu. Machozi yakishalowesha jicho huteremka puani kupitia vifereji vyembamba. Yasipopata njia humwagika usoni, na rangi ya asili iliyomo ndani yake, pofirini, huacha michirizi ya kahawia inayowakera sana wenye mbwa weupe. Doa lenyewe halina madhara. Lenye madhara ni unyevu wa kudumu unaochubua ngozi iliyo chini yake.

Tongotongo husomeka. Ukoko mdogo wa kahawia asubuhi ni jambo la kawaida. Maji yanayotiririka ghafla katika jicho moja mara nyingi yana maana kwamba kuna kitu kimeingia, pengine mchanga au mbegu ya nyasi, au kuna kidonda. Usaha wa manjano au kijani ni dalili ya maambukizi, lakini ute mzito unaorudi kila siku juu ya jicho lililopoteza mng'ao mara nyingi ni ugonjwa wa jicho kavu, na mbwa wengi hutiwa dawa ya kuua bakteria kwa miezi bila nafuu kwa sababu hakuna aliyepima machozi. Kipimo chenyewe ni chepesi: kipande cha karatasi maalumu, kilichobuniwa na daktari Mjerumani Otto Schirmer mwaka 1903 kwa ajili ya binadamu, hupachikwa ndani ya kope ya chini kwa dakika moja. Kwa mbwa mzima huloa milimita 15 au zaidi. Mtoto wa mbwa asiyechanjwa anayetoka usaha macho yote mawili, kamasi puani na homa, hutiliwa shaka ya ugonjwa wa distempa na hutengwa na wenzake.

Kwa usafi wa kawaida yanatosha maji ya chumvi ya duka la dawa yenye asilimia 0.9, au yaliyotengenezwa nyumbani kwa gramu 9 za chumvi katika lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Yatakayobaki jioni humwagwa. Shashi ni bora kuliko pamba, kwani pamba huacha nyuzi. Iliyoloweshwa hushikizwa juu ya ukoko kwa nusu dakika hivi mpaka ulainike, kisha hupanguswa kutoka pembe ya pua kwenda nje bila kugusa jicho lenyewe. Kuubandua ukoko ukiwa mkavu hung'oa manyoya na kumfunza mbwa kukwepa mkono. Kila jicho lina shashi yake. Siku ya kuogesha mbwa dawa ya kupe, kichwa hupanguswa kwa kitambaa badala ya kumwagiwa. Dawa ikiingia jichoni huoshwa kwa maji mengi papo hapo.

Afrika Mashariki ina hatari nyingine ambayo vitabu vya Ulaya haviitaji: swila mtemaji. Spishi mojawapo, *Naja ashei*, inayopatikana pwani ya Kenya na kwingineko, ilitambuliwa rasmi kuwa spishi inayojitegemea mwaka 2007. Mbwa humbwekea nyoka akiwa karibu, na sumu humpata machoni. Jicho hufumba, huvimba, na konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, huweza kuwa nyeupe. Huoshwa mara moja kwa maji mengi, dakika 15 hadi 20, bila kusugua. Maji yakikosekana, kimiminika chochote kisichochoma hufaa, hata maziwa. Kisha ni kwa daktari, ambaye hutia rangi ya fluoresini inayong'aa kijani mahali konea ilipochubuka.

Weupe wa jicho hauna sababu moja. Ukungu wa buluu kwa mbwa mzee ni lenzi iliyokakamaa kwa umri, na bado anaona. Mtoto wa jicho ni mweupe zaidi na huziba mwanga. Kwenye maeneo ya mbung'o, konea iliyofifia pamoja na homa na kukonda huweza kuwa ugonjwa wa nagana unaoenezwa na inzi huyo, nao hauponi kwa matone ya macho. Vivyo hivyo damu ndani ya jicho la mbwa mwenye kupe: hapo hupimwa damu ya mwili. Jamani shepadi, mbwa wa ulinzi wa mageti mengi, ana ugonjwa wake wa konea unaozidishwa na jua kali la nyanda za juu.

Mbwa anayefumba jicho moja ana maumivu, na hapo usafi si tiba tena. Presha ya jicho, ambayo kwa kawaida haizidi milimita 25 za zebaki, ikipanda ghafla huweza kupofusha kwa saa au siku chache. Matone yaliyobaki ya mgonjwa wa nyumbani yaachwe kabatini: yenye deksamethazoni, dawa ya steroidi, hutuliza wekundu huku yakikiacha kidonda cha konea kichimbike hadi jicho litoboke.

Mbwa wa uso bapa hufungwa mkanda wa kifuani, si wa shingoni, kwani jicho lake huweza kuchomoka kwa kuvutwa au kupigana. Likichomoka halisukumwi ndani. Hufunikwa kwa shashi yenye maji ya chumvi, makucha yake yanazuiwa, na anapelekwa kwa daktari saa hiyohiyo.