Kijani au nyeupe?

Wadau, mshkaji wangu kahamia chumba kipya na sasa anavutana na mchumba wake: kuta zipakwe kijani au nyeupe? Nikaona niwape historia kidogo, maana rangi hizi mbili zimeshazika watu.

Tuanze na kijani. Mwaka 1775 mkemia Carl Wilhelm Scheele, huko Sweden, alipata kijani kwa kuchanganya shaba na arseniki, sumu ambayo watu waliitumia kuulia panya. Mwaka 1814 ikaja nyingine iliyokolea zaidi, ya Schweinfurt, Ujerumani. Wazungu wakaipenda ajabu: karatasi za ukutani, nguo, hata maua ya bandia ya kwenye kofia. Miaka ya 1890 Mtaliano Bartolomeo Gosio akaonyesha kuwa ukungu ukiota juu ya rangi hiyo kwenye ukuta wenye unyevu, hutoa gesi ya arseniki inayonuka kama kitunguu saumu. (Wapo wanaodai hata Napoleon aliuawa na kuta zake kule St Helena. Mimi nabaki na madaktari waliompasua, waliokuta ugonjwa tumboni.)

Sasa nyeupe, ile ya usafi. Kwa karne nyingi ilitokana na madini ya risasi yaliyoachwa yaliwe na mvuke wa siki. Ilifunika ukuta vizuri sana, na mafundi wakalipia: tumbo kusokota, viganja kulegea na kuning'inia. Mwaka 1904 daktari wa macho J. Lockhart Gibson wa Brisbane, Australia, alitaja rangi za nyumba kuwa chanzo cha sumu iliyowadhuru watoto. Unga wa rangi hushika vidoleni, vidole huenda mdomoni. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani likapitisha mkataba wa kuizuia ndani ya majengo. Marekani ikasubiri hadi 1978 kupiga marufuku rangi ya risasi majumbani. Miaka 74 baada ya Brisbane!

Kwangu mimi nyeupe ndiyo mbaya zaidi. Kijani ilitia watu hofu, ikatoka ukutani. Nyeupe ilionekana safi, nani angeishuku?

Nyeupe ya siku hizi hutengenezwa kwa titani. Risasi itafute kwenye rangi za mafuta, hasa njano na nyekundu zinazong'aa. Na kama nyumba ni ya zamani, mwambie fundi alowanishe ukuta kabla ya kupiga msasa, watoto wakiwa mbali.